Pumzi ya Kukubali

Mlinzi wa karakana alikuwa ameshaapa kwa kila alichoweza kuapia, na alipomaliza akaanza upya.

"Ni yule fundi wetu Mgeni, afande. Macho yangu yamechoka, sikatai. Lakini sikio bado zima kabisa."

Inspekta alimwacha aape. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na pale kituoni vijana walimtania eti anaweza kusikia mtu akibadilisha mawazo. Alivuta kiti karibu na cha mzee.

"Babu, nirudishe kwenye ile simu. Usitie chumvi, usipunguze."

"Jana jioni mafundi walipotoka, nikafunga geti, nikakaa. Simu ikalia. Sauti ya mwanaume, nzito, kama mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa. 'Babu, kimbia zahanati, mtoto kaanguka.' Nikauliza, mtoto yupi, yule mjukuu wangu mdogo? Hakusema ndiyo. Akavuta pumzi. Hivi." Mzee akavuta hewa ndani kwa kinywa, fupi na kali, kama mtu aliyejichoma sindano kidoleni. "Nikauliza, ameumia sana? Akavuta tena. Sasa niambie mwenyewe, mwanangu. Hapa mjini nani anakubali kwa kuvuta pumzi? Sisi tunasema ndiyo, tunasema ehe, wavivu wanaguna. Ile pumzi ni ya huko milimani kwao Mgeni. Alikuja nayo."

Basi mzee wa watu alitimua mbio hadi zahanati, mjukuu hayupo. Akatimua mbio hadi nyumbani, mjukuu huyo anacheza na vifuniko vya chupa, hana hata mchubuko. Aliporudi karakana anahema, geti lilikuwa limerudishiwa tu kama alivyoliacha kwa haraka, mlango wa stoo uko wazi, na majora yote ya kitambaa cha bluu hayapo. Kitambaa hicho kilikuwa cha sare za shule, kazi kubwa kuliko zote ambazo karakana ile iliwahi kupata. Kufuli halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo siku zote ulining'inia kwenye msumari ofisini, fundi yeyote aliujua.

Namba iliyopiga ilikuwa ya kibanda cha kuchajia simu, mahali ambapo mtu yeyote anaazimwa simu apige. Koplo alikwenda kumuuliza mwenye kibanda, akarudi mikono mitupu. Watu ni wengi, alisema mwenye kibanda, angewakumbukaje? Njia hiyo ikawa imefungwa.

Hivyo Mgeni alikamatwa alfajiri kwa sababu ya pumzi, na kesho asubuhi angefikishwa mahakamani. Wakubwa wa kituo waliridhika. Inspekta ndiye aliyekuwa na mfupa kooni.

"Majora hayana miguu," alimwambia Koplo wakielekea mahabusu. "Jora moja ni mzigo wa bega zima la mwanaume. Mbele ya karakana kuna wauza mboga, kuna fundi viatu, kuna kinyozi. Hakuna aliyeona mkokoteni, hakuna aliyeona gari."

"Labda walifumba macho, afande."

"Wauza mboga? Wale wanajua hata ulichovaa juzi."

Mgeni alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono katikati ya magoti. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha tangu afike mjini, lakini lile jina la siku ya kwanza lilikuwa halijamtoka. Inspekta alimsalimu kama anavyosalimia mtu yeyote.

"Habari za hapa?"

"Zimelala pasi, afande," alijibu, kisha akashtuka na kuinamisha kichwa kwa aibu. "Samahani. Ni mazoea ya karakana."

Koplo alikaribia kucheka. Mafundi wa karakana ile walikuwa na lugha yao. Jambo lililokwenda vizuri lilikuwa limelala pasi, kula chakula cha mchana kulikuwa kujaza bobini, na anayechelewa kazini aliambiwa uzi wake umekatika. Mgeni aliyasema hayo kwa wepisi wa mtu aliyezaliwa chini ya cherehani ya pale.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Stendi. Nilikwenda kumpokea mke wangu. Basi lake liliharibika njiani, nikasubiri mpaka giza likaingia."

"Kuna aliyekuona ukisubiri?"

"Watu wa stendi wanatazama mabasi, afande. Hawatazami wanaosubiri."

"Ulisubiri peke yako?"

"Ehe."

"Mlinzi ni babu mwenye heshima zake. Ana ugomvi na wewe?"

"Hapana."

"Na ile pumzi ni ya kwenu?"

"Ehe, ni ya kwetu. Lakini mimi niliiacha. Miezi ile ya mwanzo karakana nzima ilinicheka mpaka nikawa naogopa kukubali jambo. Bosi akiniuliza kama nimemaliza, nataka kuvuta pumzi, naikamata hapa." Aliweka kidole kooni. "Siku moja nikagundua haiji tena. Nikafurahi, nikasema sasa na mimi nimekuwa mtu wa hapa." Alizitazama nondo za mlango. "Kumbe bure."

Inspekta alihesabu kimoyomoyo majibu ya kukubali. Yote yalikuwa ehe, na hayakumpa shida hata moja. Hata hivyo mtu anaweza kujichunga kituoni, hasa akijua ni nini kimemleta. Hilo peke yake halikutosha kumtoa.

Nje, kwenye benchi la wageni, alimkuta mwanamke ameshikilia mfuko wa nguo ambao bado ulikuwa umefungwa kamba ya safari.

"Wewe ndiye shemeji yetu uliyeshuka jana?"

Mwanamke akavuta pumzi fupi na kali. Koplo alifikiri kaumia, akamsogelea. Inspekta akamzuia kwa kiwiko.

"Safari ilikuwa salama?"

Pumzi tena. Kisha maneno yakafuata, taratibu, mwisho wa kila sentensi ukivutwa juu kidogo.

"Naomba nikuambie ukweli, dada, hata kama utaona napenda kulalamika. Huyu mwanaume aliondoka nyumbani anaongea kama mimi. Mwaka jana nilipompigia simu, akajibu, nikakata. Nilidhani nimekosea namba! Jana pale stendi ameniita, sikugeuka, nikajua ni kijana wa mjini ananitania. Usiku kucha namuuliza mambo ya kwetu, ananijibu ehe, ehe, kama karani. Nilikuja kuishi na mume wangu, nikamkuta huyu." Akapangusa macho kwa ukingo wa mtandio. "Halafu asubuhi mnakuja kumkamata kwa sababu ya pumzi. Pumzi gani? Mimi mkewe nimeitafuta usiku kucha, sijaipata."

Inspekta hakuandika chochote. Alisimama tu hapo, kichwa kikiwa kimeinama upande.

"Mumeo amekunywa chai?" alimuuliza hatimaye.

"Sijaruhusiwa hata kumwona."

"Koplo, mpeleke shemeji akamwone mtu wake. Na chai apelekewe." Akafunga kifungo cha koti. "Kisha nifuate karakana."

Karakana ilikuwa ukumbi mrefu wenye mapaa ya bati na cherehani zilizopangwa mistari miwili. Kila cherehani ilikuwa inaunguruma, kwa kuwa kulikuwa bado na sare za kampuni ya ulinzi zilizobaki kushonwa, na Bosi hakuwa mtu wa kuacha mashine zipoe. Mwishoni kabisa ilikuwepo meza ya kukatia, ndefu kama kitanda cha watu watatu, imefungwa mbao pande zote mpaka sakafuni. Nyuma yake alisimama mkataji, mwanaume mwenye mabega mapana na mdomo usiofungwa, ambaye wote walimwita Mkasi. Kando yake kulikuwa na magunia ya vipande vya mabaki. Mabaki yalikuwa haki yake kama mkataji, na kila mwisho wa wiki aliyabeba kuwauzia washonaji wa mito.

Mafundi walipomwona Inspekta, minong'ono ikapanda. Mkasi akachukua rula yake ya mbao na kuipiga mezani. Bup.

"Kimya, jamani! Serikali imeingia!"

Wote wakacheka, hata Bosi. Inspekta naye alitabasamu, akasogea kwa mwanamke mnene aliyekuwa anashona vifungo karibu na dirisha.

"Mama Vifungo, kazi hiyo si ya macho ya kawaida."

"Nimezoea, mwanangu. Siku zote Mkasi akipiga ile meza, sindano zangu zote zinaruka, nazitafuta sakafuni nusu saa. Iliita kama pipa tupu. Leo hata meza imepoteza sauti. Naona na yenyewe ina huzuni."

"Huzuni ya Mgeni?"

Mama Vifungo alishusha sauti. "Mimi siamini. Lakini mzee naye hasemi uongo. Kichwa kinaniuma."

"Alikuwa mtu wa kuelewana na watu?"

Mama Vifungo akavuta pumzi. Fupi. Kali.

Inspekta hakupepesa jicho. "Umekaa naye karibu?"

Pumzi. "Cherehani yake ile pale, nikinyoosha mkono namfikia."

"Mama, na wewe unatoka milimani?"

"Mimi? Toba! Mimi mtu wa hapahapa, bibi yangu alizikwa nyuma ya soko."

"Hujawahi kufika huko?"

"Hata kwa ndoto."

"Basi ile pumzi umeipata wapi?"

"Pumzi gani tena?" Mama Vifungo alimkazia macho kama mtu aliyeambiwa ana masharubu.

Msichana wa cherehani ya jirani alikuwa amesikia, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakitetemeka. "Mama, unavuta! Siku nzima unavuta! Tena na Bosi naye nilimsikia wiki iliyopita."

"Mwongo wewe!"

"Haki ya Mungu! Ilianza kwa utani. Mkasi alikuwa anamwigiza Mgeni asubuhi mpaka jioni, sisi tunacheka, na sisi tunaiga. Utani ukaisha, pumzi ikabaki. Mimi mwenyewe mama yangu nyumbani ananiuliza kama nimepata pumu."

Inspekta alisikia kitu kikikaa mahali pake. Watu hawa walimcheka Mgeni mpaka akaitupa pumzi yake, na walivyokuwa wakicheka, waliiokota wao wenyewe bila kujua. Sikio la mzee halikudanganya. Aliyepiga simu alivuta pumzi kweli, na hiyo ndiyo sababu hakuwa Mgeni.

Lakini bado ilikuwa lazima ampate mwenye sauti. Wanaume wa karakana walikuwa wachache, na mmoja tu ndiye aliyeigiza asubuhi mpaka jioni.

Alimvuta Koplo pembeni. "Nenda ukamlete babu kwa mlango wa nyuma. Mkalishe ndani ya chumba cha kujaribia nguo, pazia lifungwe. Asikohoe, asiape. Nitazungumza na wanaume mmoja mmoja hapa mbele ya pazia. Usimwambie ni akina nani wala watakuja kwa mpangilio gani."

Wa kwanza alikuwa mpiga pasi, kijana mpole aliyejibu kila kitu kwa "ndiyo, mama". Nyuma ya pazia kimya. Akaja Bosi mwenyewe, akiwa na wasiwasi juu ya shule na sare zake, akasema ehe mara nyingi, na katikati akavuta pumzi moja ndogo ya kudokoa. Pazia likatikisika kidogo, kisha likatulia.

Mkasi alikuja wa tatu, rula ikiwa kwapani.

"Haya, afande. Nikae au nisimame?"

"Kaa tu, kaka. Ni mambo madogo. Wewe umefanya kazi hapa siku nyingi?"

Akavuta pumzi, akaketi. "Kabla hata ya hizi bati."

"Na jana ulitoka pamoja na wenzako?"

Pumzi. "Nikapitia kwa kinyozi, nikaenda zangu."

"Kinyozi wa hapa mbele?"

Pumzi nyingine. Pazia likatikisika, na safari hii halikutulia. Inspekta aliendelea kama hakuona.

"Mgeni amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ni mtu mzuri, masikini. Sema hawa wageni wana vitu vyao. Mtu umekaa mjini miaka, bado unapumua kama samaki aliyetolewa majini! Ndiyo kilichomponza. Mimi nilimwambia, jifunze kuongea kama watu. Hawajifunzi."

"Na wewe unaweza kumwigiza?"

"Zamani kwa kuchekesha watu, nilijaribu." Alicheka. "Lakini si rahisi, afande. Ile kitu mtu anazaliwa nayo. Mimi siwezi kabisa."

"Huwezi kabisa?"

Mkasi akavuta pumzi.

Safari hii, kwa mara ya kwanza, alijisikia mwenyewe. Kinywa kilibaki wazi, hewa imekwama nusu ya njia. Pazia likafunguliwa na mzee mlinzi akasimama pale.

"Sema 'Babu, kimbia zahanati'," mzee alimwambia. "Sema tena, nikusikie. Nilikimbia mpaka nikadhani moyo utapasuka. Nilijua mtoto amekufa!"

"Huyu mzee anazeeka vibaya," Mkasi alisema, akiinuka. "Afande, mtu hafungwi kwa kupumua. Kama nimeiba, majora yako wapi? Pekueni kwangu. Pekueni mpaka darini."

"Hapo umesema kweli," Inspekta alimjibu. "Mtu hafungwi kwa kupumua. Ingefuatwa hivyo, Mgeni asingekaa mahabusu hata saa moja. Nipe hiyo rula."

Aliichukua, akatembea mpaka kwenye meza ya kukatia, cherehani zikinyamaza moja baada ya nyingine. Akapiga mezani. Bup. Akaenda kwenye meza ya pasi, iliyofungwa mbao vilevile, akapiga. Ikaita kama pipa, na Mama Vifungo akaudaka mkebe wake wa sindano kwa mazoea.

"Mama Vifungo, hii meza ilipoteza sauti lini?"

Mama Vifungo alisimama polepole. "Leo asubuhi," alisema. "Jana ilikuwa bado inaita."

Koplo alihitaji bisibisi na dakika chache tu. Ubao wa upande wa ukutani ulipotoka, kitambaa cha bluu kilijitokeza, majora yamepangwa juu kwa juu mpaka kugusa ubao wa juu wa meza, hakuna hata nafasi ya kupenyeza kiganja. Hayakuwahi kuvuka geti. Yangetoka taratibu, vipande kwa vipande, ndani ya magunia ya mabaki, mbele ya mlinzi ambaye angemtakia mbebaji jioni njema.

Mkasi alikaa juu ya gunia lake. Mdomo usiofungwa ukawa umefungwa.

"Nilitaka kufungua karakana yangu," alisema baadaye sana. "Sikutaka kumtia Mgeni matatani. Nilibadilisha sauti ili nisijulikane. Alipokamatwa yeye nilishangaa kama ninyi. Nikajua mzee hakusikia vizuri."

"Ukanyamaza," alisema Inspekta.

Alisubiri jibu. Mkasi alitikisa kichwa tu kukubali, mkono ukiwa umeziba kinywa.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa Mgeni alipotolewa. Alirudishiwa mkanda wake na viatu, akatoka nje akipepesa macho. Mkewe alikuwa pale, na mfuko wake ambao haujafunguliwa. Walikuwepo pia Bosi, na Mama Vifungo aliyekuja na mkebe wa sindano mkononi kwa kusahau kuuacha, na mzee mlinzi, aliyevua kofia kabla hata hajakaribia.

"Mwanangu," mzee alianza. "Sikio langu lilisikia sawasawa. Aliyekosea ni mimi mwenye sikio. Nilisikia pumzi, nikaona sura yako tu. Nisamehe."

"Umeshasamehewa, babu. Mjukuu hajambo?"

 Mzee alimshika Mgeni mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa, akautikisa tena.

Bosi alikohoa. Hakuwa mtu wa maneno matamu, na kila mtu alijua. "Ile meza ya kukatia haina mwenyewe sasa. Nimewatazama mafundi wote. Hakuna mwenye mkono ulionyooka kama wako. Kesho uzi usikatike. Utasimama pale?"

Mgeni alimtazama Bosi, akamtazama Mama Vifungo. Alifungua kinywa, na Inspekta, aliyekuwa ameegemea mlango wa kituo, akaona koo lake likicheza kama la mtu anayekamata kitu kisitoke. Kisha Mgeni akakiachia. Akavuta pumzi ndani, fupi na kali, mbele ya watu wote, na macho yake yakajaa.

Hakuna aliyecheka. Mama Vifungo alivuta ya kwake kumjibu, safari hii kwa makusudi kabisa.

Mke wa Mgeni aliuacha mfuko uanguke chini. Alimshika mumewe mashavu kwa viganja vyote viwili, kama anayemtambua mtu aliyeshuka basi sasa hivi.

"Kumbe upo," alimwambia. "Nimekuja mbali kukutafuta. Twende nyumbani, tukajaze, mnaitaje hiyo? Bobini."